Midomo Iliyofungwa Njiani kwenda Mtoki

Nina mwenzangu ana midomo mwili mzima. Siku zote hula. Siku aliyopata tonge la maana kuliko yote, midomo ikafunga yote kwa pamoja, akaondoka kwao akitembea. Nani huyo?

Msikimbilie kunipa mji. Najua mlivyozoea: kitendawili kikiwashinda mnasema chukua mji, mimi nachagua, nakaa katika mji wenu nikila ubwabwa wa kuwaziwa, nasifu pepo zake na watu wake, kisha ndipo nafungua. Nimepewa miji mingi mimi. Nimepewa Tanga na watoto wasiojua Tanga iko upande gani. Nimepewa Makka, nikaikataa kwa adabu. Leo bakini na miji yenu. Leo nina swali ambalo hata mimi sina jibu lake, nami nitaliuliza kwa kwenda, maana kuna maswali hayaulizwi kwa kukaa.

Lilianza na mwiba. Nilikuwa napalilia mihogo, nikaukanyaga, nikauvuta ukatoka nusu. Nusu ya pili ikasema, mimi nimeshafika. Kisigino kikaiva, kikang'aa, kikawa na moto wake peke yake, na moto ule ukaanza kupanda. Muuguzi wa zahanati akakisafisha, akanipa vidonge, kisha akachukua kalamu akanichora mstari juu kidogo ya kifundo cha mguu, pale uvimbe ulipoishia.

"Ukivuka hapa, msingoje asubuhi," akamwambia Nunu, mjukuu wangu. "Mleteni hapo hapo. Mguu huu si wa kuchezea."

Kukatwa hakukutajwa, lakini Nunu alikusikia. Tangu hapo akawa anautazama mstari kuliko anavyonitazama mimi.

"Kunywa uji, bibi."

"Mdomo haufunguki, mwanangu."

"Kijiko kimoja. Kwa ajili yangu."

"Kwa ajili yako nitakunywa kesho."

"Kesho ya nani? Mwilini mwako mna askari, bibi. Na askari wanataka chakula."

"Askari! Askari nawajua mimi. Hupiga kwanza, jina wakauliza baadaye. Mimi namtaka yule anayeuliza jina kwanza. Mgeni alipoingia na mwiba, nani alimwonja akajua kwamba huyu si sisi? Na yeye mwonjaji, nani alimwambia kwamba sisi ni sisi?"

Nunu akaniwekea mkono kwenye paji la uso. "Homa imepanda, bibi."

"Basi nami nitapanda nayo."

Jua lilikuwa utosini. Nikafumba macho, na badala ya kupanda nikateremka.

*

Niliteremka ndani yangu kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba aliyoishi miaka yote bila kufika vyumba vya chini. Nikapita goti, nikasikia linavyolalamika. Nikapita kifundo, nikaona mstari wa kalamu ukivuka juu ya anga, mweusi, kama kamba ya kuanikia nguo. Nikafika kisiginoni, nikanikuta. Nilikuwa nimeshakaa pale, msichana, miguu nimeikunja. Mimi niliyefika na mimi niliyekuwapo tukatazamana, tukaona haya kuwa wawili, tukawa mmoja.

Nchi ile haina jina, kwa sababu hakuna aliyewahi kutoka nje yake akahitaji kuitaja. Nuru yake ni ya rangi ya maji ya ukwaju, na haijulikani inatoka wapi. Sisi Walambaji tulikaa mpakani, chini ya paa la ngozi, kila mmoja kwenye kipande chake, na kazi yetu ilikuwa kula. Hatukula kwa njaa. Tulikula kwa kuuliza. Kila mmoja alivaa kanga pana isiyo na mwisho, na pindo la kanga ndilo mdomo: unalitandaza juu ya chochote kinachopita, unalikunja, unalivuta, na kilichokuwa nje sasa kimo ndani. Maji, chumvi, vumbi, mafuta, ganda la jirani aliyekufa asubuhi, vyote tulivikunja. Hatukuchagua. Kuchagua ni kazi ya anayejua, na sisi tulikuwa tunatafuta kujua.

Aliyenifundisha kutandaza ni somo yangu, Mwanakheri, mwanamke mnene mwenye cheko la kutikisa ukuta. Mimi nilikuwa mwari wake, kama wasichana wa kwetu wanavyowekwa ndani na somo hadi wakue, isipokuwa hapa hapakuwa na ndani wala nje, palikuwa na mpaka tu.

"Mwari wangu, umekula nini leo?"

"Nimejila mwenyewe, somo. Kipande cha ngozi yetu."

"Kina ladha gani?"

"Ya kawaida."

"Ndiyo ladha ya kwetu hiyo. Ukila ukaona kawaida, nyamaza, kula kingine. Siku utakayokula ukatamani kupiga ukelele, siku hiyo utaniaga."

"Somo, kama kila ninachokikunja kinakuwa mimi, basi mimi ni nani?"

"Wewe ni mtu anayeuliza huku mdomo umejaa. Meza kwanza."

Nikameza. Lakini swali halikumezeka. Nilikaa nalo asubuhi ileile, ambayo huenda ilikuwa mwaka, huenda ilikuwa utoto wangu wote. Niliwaza: mlango ulio wazi kwa kila mtu ni mlango au ni tundu? Anayepokea vyote, je, amepokea chochote? Tena, nikitandaza pindo likarudi na kitu, ni mimi niliyekwenda kukichukua, au ni chenyewe kilichonichukua mimi, kikanifanya niwe mwenye kitu hicho? Kula. Kukunja. Kuvuta. Kawaida. Kawaida. Kawaida.

Ndipo paa likapasuka.

Mwiba ulishuka kama nguzo ya nyumba iliyokosea nyumba. Nyuma yake wakaingia wale wageni, wadogo, wa mviringo, wameshikana kama kichala cha zambarau. Hawakupiga hodi. Wakaanza kuongezeka palepale walipotua, bila kuuliza hapa ni kwa nani. Mimi, kwa mazoea tu, nikatandaza pindo, nikamkunja mmoja, nikavuta.

Haikuwa ladha ya kawaida.

Sijui niwaelezeje. Mnajua mtu anavyouma kijiwe ndani ya wali akatulia, meza nzima ikatulia naye? Hivyo, lakini mwili mzima. Kwanza nilishikwa na njaa ambayo sijawahi kuiona; mapindo yangu yakacheza yote kwa pamoja, yakakunja, yakakunja, kama nguo kwenye kamba siku ya upepo. Kisha pindo moja likagoma. Nilikuwa nimelitandaza, likabaki limesimama hewani, gumu, kama limekaushwa na chumvi. La pili likagoma. Nikasikia yanafunga, moja baada ya jingine, mgongoni, mabegani, kiunoni, milango ya mtaa mzima ikifungwa na watu nisiowaona.

"Somo! Sifunguki! Nakufa!"

"Hufi," alisema Mwanakheri, naye anakunja zambarau huku na huku. "Unakua."

"Kukua gani huku? Tazama wanavyojaa! Huu ndio wakati wa kula kuliko siku zote!"

"Kila mwari analia hivyohivyo. Mlafi wee! Ukiendelea kula utafika Mtoki tumbo limejaa vumbi la njiani. Watu watakuuliza mgeni yuko wapi, utawaonesha vumbi. Ulichokionja leo ndicho hicho. Kifungie midomo yote, ukipeleke kikiwa chenyewe."

"Na wewe je?"

"Mimi mapindo yangu bado yanatandaa. Nabaki hapa." Akacheka, lakini safari hii ukuta haukutikisika. "Nenda, mwanangu. Na ukifika, usijifanye hodari. Onesha tu."

Maneno hayo ya mwisho niliyasikia vizuri sana. Kuyasikia na kuyafuata ni mambo mawili.

*

Mtoki mnaujua. Ukijichoma mguuni, unavimba kule kinenani, kidonge chini ya ngozi, ukitembea unauma, na wewe unashangaa: nimeumia chini, mbona pameuma juu? Ndiko nilikokuwa nakwenda. Kila mtu ameubeba mji ule tangu kuzaliwa, na hakuna anayeukumbuka mpaka ujae watu.

Njia ni mto usio na kingo, maji yake hayana haraka. Nikajiachia ndani yake. Mapindo yaliyogoma yakaanza kuchanika uzi kwa uzi, si kwa kuharibika bali kwa kurefuka, yakawa matamvua marefu yanayoelea pande zote, nikawa kama mti uliong'olewa na mizizi yake yote unatafuta mahali pa kushika. Vitu vizuri vikanipita. Mafuta matamu. Chembe zisizo na jina ambazo jana ningezikimbilia. Zikagusa matamvua, zikateleza, zikaenda.

Hapo nikawaza sana, maana mdomo ukifungwa fikra hupata nafasi. Niliona uchungu. Nilikuwa mtu wa kupokea. Sasa mimi ni nani, ikiwa dunia inanipita nami siijui ladha yake? Je, kukua ndiko huku, kuacha kuuliza? Mbona basi tunawapongeza wanaokua? Lakini jambo jingine likanijia, taratibu, kwa mwendo wa yale maji. Nilipokuwa nakula vyote, sikuwa na kimoja. Leo nina kimoja, na kwa sababu ya hicho kimoja nina pa kwenda. Sikuwa na uhakika kama hilo ni jibu au ni kujifariji tu. Hadi leo sina uhakika.

Nilipoingia mtoni nilikuwa msichana. Nilipotoka nilikuwa na mvi. Sikushangaa, maana njia ndiyo iliyonizeesha, wala haikunidanganya.

*

Mtoki ni mji wa vichochoro, umejaa watu wasiokaa kitako. Wanaitwa Wenye Jibu. Kila mmoja amezaliwa na jibu moja tu mdomoni, moja maisha yake yote, na hajui swali lake ni lipi. Hivyo hutembea kutwa wakimpapasa kila anayeingia, wakisema "siyo langu", wakipita. Wengi huzeeka na majibu yao hayajaulizwa. Niliwahurumia, kisha nikakumbuka watu ninaowajua huku juu, nikanyamaza.

Aliyenipokea ni mpiga mbiu wa mji, Shumbana, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kukwaruza sufuria. "Amekuja mtu kutoka Kisiginoni!" akapaza. "Ana kitu! Haya bibi, toa, njia imewaka moto huko."

Nilikuwa nacho, ndani kabisa, kimemegwa vipande tumboni. Kazi yangu ilikuwa kukitoa hadi kwenye ncha za matamvua, kila mtu akiguse. Lakini nilipoona macho yale yote, watu wote wale wamesimama kunisikiliza mimi, nikafanya kosa ambalo mtu wa vitendawili tu ndiye angelifanya.

"Kitendawili!" nikasema.

Wakashtuka. Kisha mazoea yakawashinda: "Tega!"

"Wameingia bila hodi, ni wengi na wameshikana kama mmoja."

"Mchwa!"

"Siyo."

"Moshi!"

"Wapi! Moshi una mikono?"

"Mashemeji!" akasema mmoja nyuma, watu wakacheka, nami nikacheka hadi matamvua yakatetemeka.

Siyo, nikasema. Siyo. Hapana. Umepotea, rudi nyumbani. Kila walipokosa, nikapata joto la raha kifuani, lile joto mnalolijua, la kujua kitu ambacho wengine hawakijui. Nikakizamisha kitu changu chini zaidi tumboni, kisionekane hata kivuli.

Shumbana akainua mikono. "Basi. Tumeshindwa. Chukua mji."

"Mji gani?" nikauliza, nimeshaanza kuchagua.

"Tutoe upi? Tunao huo unaowaka. Chukua Kisigino, na njia yake mpaka gotini. Ni wako."

Watu wakaanza kutawanyika, maana kitendawili kimekwisha. Nikageuka nikatazama nilikotoka. Mbali kule chini, kamba nyeusi ya kalamu ilikuwa bado imevuka anga, na chini yake uvimbe umeinuka, umeiva, unailamba. Huko ndiko alikobaki Mwanakheri. Huko ndiko nilikosimama miaka yote, nikipalilia, nikienda kisimani, nikicheza ngoma harusini. Nilikuwa nimejishindia mguu wangu mwenyewe.

"Rudini! Siutaki!"

"Aliyepewa mji haukatai," alisema Shumbana.

"Nimeshaikataa Makka, nitashindwa kukataa kisigino? Rudini, nawaambia! Jibu mimi sina. Jibu analo mmoja wenu. Mimi nina swali tu, nami nimelificha, kwa sababu nimezoea kupendwa kwa kuficha."

Wakasimama. Nami nikafanya jambo gumu kuliko kumeza: nikatapika polepole, chembe kwa chembe, hadi kitu changu kikafika nje, kwenye ncha za matamvua, kitupu, bila maneno ya kukizunguka. Kiliponing'inia pale nikaona kilivyo kidogo. Mtu ana aibu ya kuonesha kitu kidogo. Labda ndiyo maana tunakivika maneno.

Wakaanza kupita. Siyo langu. Siyo langu. Akaja mwanamke mmoja, Mwatime jina lake, mabega mapana, uso umenuna wa mtu aliyekwisha kukata tamaa ya kuulizwa. Akagusa ili apite. Hakupita.

"Ngoja," akasema. Akagusa tena. "Hiki... upande huu nakijua. Sijawahi kukiona, lakini nakijua."

"Jibu basi!"

"Upande wa pili umemomonyoka. Umekisaga mno ulipokuwa unakificha, bibi. Siwezi kujibu nusu. Nikikosea nitawapiga watu wetu. Lete kingine."

Lete kingine! Nikatazama mapindo yangu, yaliyokuwa midomo mwili mzima. Hakuna hata moja lililotikisika. "Nimefungwa," nikamwambia. "Mimi siwezi tena kupokea kitu. Nimekua."

Hapo ndipo chembe moja ikaja, inaelea kwenye yale maji yasiyo na haraka. Ilikuwa ya zambarau, nzima, na imefungwa kishikio. Shumbana akanieleza kwa harakaharaka kwamba mtoni kuna wazee waliopigana vita vya zamani, nao kazi yao sasa ni kufunga vishikio kwenye chochote kisicho chetu, ili kiweze kushikwa. Nilikuwa simsikii. Nilikuwa natazama uzi uliofungia kishikio kile. Ulikuwa uzi wa kanga ya Mwanakheri.

"Imeze," alisema Mwatime.

"Midomo imefungwa!"

"Ile mipana imefungwa," alisema Shumbana. "Mkono umeujaribu?"

Nikafungua kiganja. Sikutarajia lolote. Kishikio kikagusa katikati ya kiganja, na pale ngozi ikabonyea, ikafunguka mlango mdogo, saizi ya kishikio, si zaidi. Vumbi lililopita jirani lilijaribu kuingia, likagonga, likakataliwa. Chembe ikaingia. Kumbe sikufungwa. Nilikuwa nimeacha kumeza kila kitu kinachopita. Kile nilicholetewa mkononi bado niliweza kukipokea. Nikaikata safari hii kwa adabu, bila kuisaga, nikaitoa kwenye matamvua ikiwa mbichi, na ule uzi nikaubakiza ndani, karibu na moyo, kama nina moyo huko. Sikuuliza uzi wa kanga huchomoka vipi kwa mwenye kanga.

Mwatime akagusa.

Sijui alitamka nini. Jibu lake halikuwa neno la kinywa changu. Lakini uso wake ulikunjuka, kama mtu aliyeitwa jina lake na mama yake katikati ya umati, na aliposimama tena walikuwa wawili, kisha kila mmoja akawa wawili, wote ni Mwatime, wote wana jibu lilelile, na vichochoro vikajaa, kuta za mji zikasukumwa, Mtoki ukavimba. Wakateremka. Wakanipita wakikimbia kuelekea Kisiginoni, na kila mmoja akipita alinigusa bega, "shikamoo bibi, shikamoo bibi," nami matamvua yangu yanaanguka moja moja, naitikia marahaba, marahaba, hadi sauti ikaisha.

*

"Bibi! Bibi, una uvimbe huku juu!"

Nunu alikuwa ameshika shuka, macho yamemtoka. Kinenani palikuwa pamesimama kidonge, kimejaa, kinauma.

"Uache. Usiukande. Kuna mkutano."

"Mkutano gani? Uvimbe umevuka mstari, bibi, umefika mpaka huku..."

"Umeutazama mstari?"

Hakuwa ameutazama. Alikuwa ameogopa uvimbe wa juu, akausahau wa chini. Akainama kwenye kifundo, akakaa pale muda mrefu, akapima kwa kidole, akapima tena. Aliponiinulia uso, alikuwa analia bila sauti. "Uko chini yake," alisema. "Ngozi imeanza kukunjamana. Jana ilikuwa inang'aa."

"Basi vidonge viendelee, na wewe endelea kuchungulia. Watu wamo njiani."

Akachukua bakuli. Uji ulikuwa umepoa. Alikishika kijiko kwa mpini, akakisogeza, hakusema kwa ajili yangu wala kwa ajili ya nani. Njaa sikuwa nayo. Ile mipana ilikuwa bado imefungwa. Lakini nilimtazama alivyokishika, nikafungua mdomo kidogo, saizi ya kijiko, nikapokea.

"Bibi," akasema baada ya muda, "ulikuwa unaweweseka. Unatega kitendawili. Mwenye midomo mwili mzima, akapata tonge la maana, ikafunga yote."

"Na wewe wasemaje?"

Akawaza. Akataja chaza. Akataja ua linalofunga jua likizama. Mimi sikucheka, sikusema umepotea. Mwisho akashusha mabega.

"Nimeshindwa. Chukua mji."

"Leo sichukui. Lete mkono."

Nikakichukua kidole chake, nikakiweka kinenani, juu ya kile kidonge, taratibu, pasiume. Akatulia, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza ukutani.

"Panapwita," akasema.

"Eeh. Wanajibu."